Kwao Chancelle ni Ermoncourt

Siku ya kwanza Chancelle aliponitajia kwao, nilidhani nimesikia vibaya. Tulikuwa chini kabisa ya hospitali moja ya London, katika idara ambayo vyombo vya upasuaji huteremshwa vikiwa na damu na kupandishwa tena vikiwa vimechemshwa kwa mvuke na kufungwa kama zawadi za harusi. Kule hakuna dirisha. Mlango wa mashine ukifunguliwa, joto linakupiga usoni. Mimi ni Mkamba wa Makueni, joto nalijua, lakini siku hiyo nililalamika. Chancelle akavuta trei ya mikasi na koleo kwa ile mikono yake mirefu, akacheka.

"Kwetu hili si joto, dada Jedidah. Kwetu tanuri likifunguliwa nyusi zinaungua."

"Kongo?"

"Hapana. Ermoncourt."

Nikamwuliza huo ni mkoa gani wa Kongo. Akaniambia si Kongo, ni mji mdogo wa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji, na nisijisumbue kuutafuta kwenye ramani ya kawaida maana hauonekani. Moyoni nilisema, haya, tumempata mwingine. Sisi tunaoishi ng'ambo tunawajua watu wa namna hiyo, anayekaa Ulaya miaka michache akasahau hata jina la kijiji chake. Nilimfikiria hivyo kwa karibu mwaka mzima. Nilimkosea, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuandika habari zake.

Chancelle Badibanga alizaliwa mwaka 1982 huko Likasi, mji wa shaba kusini mwa Kongo. Baba yake alikuwa fundi wa kusubu chuma. Alitengeneza kalibu za mchanga, akamimina ndani yake chuma kilichoyeyuka, na kilipopoa kikawa gurudumu, au bomba, au jino la mashine. Wazazi walikuwa Waluba wenye asili ya Kasai, lakini Chancelle na mdogo wake hawakuwahi kuiona hiyo Kasai. Lugha yao ilikuwa Kiswahili cha Likasi, kile chenye "njo vile" na "aksanti" na "weye", ambacho mimi mwanzoni nilikuwa nikikicheka waziwazi, na yeye akikicheka changu.

Alipokuwa na miaka kumi, watu wenye asili ya Kasai waliambiwa kwamba Likasi si kwao. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walikuja na mawe. Familia ililala kituo cha treni majuma kumi na moja, pamoja na maelfu ya wengine, wakingojea treni ya kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakupajua hata kwa ndoto. Mdogo wake alifia pale kituoni kwa kuhara. Treni ilipofika hatimaye, baba yake alikataa kupanda. Alisema hawezi kupelekwa kwao na watu waliomfukuza kwao. Wakavuka kwenda Zambia, wakakaa huko miaka miwili, kisha shirika moja la kanisa likawachukua hadi Ufaransa.

Huko walipewa miji miwili ya kuchagua, yote ikiwa na nyumba tupu. Mmoja ulikuwa pwani, safi, wenye maua. Mwingine ni Ermoncourt. Walipelekwa kuuona kwa basi, mwezi wa Novemba. Basi lilipoteremka kilimani, bonde lote lilikuwa ukungu, na juu ya ukungu lilisimama dohani moja likitoa moshi. Kando yake kulikuwa na kilima cheusi cha takataka za tanuri, na chini yake safu za nyumba za wafanyakazi, zote zimefanana kama mapacha. Mama yake, Mama Ngalula, alipouona ubaya ule alianza kulia. Baba yake akasimama ndani ya basi, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Njo hapa," akasema. Ndiyo hapa.

Wiki ile ile alikwenda kwenye lango la kiwanda. Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Msimamizi alipotaka kumrudisha, Badibanga aliingia mpaka kwenye lundo la mchanga wa kalibu, akachota konzi moja, akaifinya, kisha akafungua kiganja na kumwonyesha. Donge lilisimama bila kumomonyoka, alama za vidole zikionekana zote. Mchanga ukiwa mkavu unavunjika, ukiwa na maji mengi chuma kinarukaruka na kuua watu. Aliyeufinya hivyo ameshaijua kazi. Jumatatu alianza.

Habari za mji wenyewe nilizipata kidogo kidogo, wakati wa mapumziko, kwenye chumba chetu cha chai chenye viti vinne na jokofu lisilofunga vizuri. Chancelle si msemaji. Ukimuuliza habari za mumewe wa zamani, aliyehamia Birmingham na mwanamke mwingine, atakujibu kwa maneno matano. Lakini ukimuuliza Ermoncourt, anaweka kikombe chini. Alinieleza kwamba mto unauzunguka mji pande tatu, kama mkono wa mama aliyembeba mtoto ubavuni, na upande wa nne ni mlima wenye msitu mzito. Paa zote ni za mawe meusi yaliyochongwa bapa, kwa hiyo mvua ikinyesha mji mzima unang'aa kama samaki. Udongo wake ni mbaya, hauoteshi ngano. Watu wa zamani waliobanwa kati ya mto na mlima hawakuwa na shamba la kutosha, wakaanza kufua misumari majumbani mwao.

"Kila nyumba ilikuwa na mbwa," aliniambia. "Mbwa anakimbia ndani ya gurudumu la mbao, gurudumu linavuta mivukuto, moto unawaka. Mbwa akichoka, hakuna msumari. Hakuna msumari, hakuna mkate."

Sikuamini habari ya mbwa. Aliapa kwa jina la mama yake.

Kisha tajiri mmoja akajenga kiwanda cha kusubu chuma pale mto unapokunja, kwa sababu ya msitu wa kuchoma makaa na maji ya kupitisha mashua za mizigo. Walianza na majiko ya chuma na sufuria. Vita vikuu viwili vilipita juu yao, na mara zote mbili adui aliondoka na mashine, na mara zote mbili wenyeji wakarudi kukiinua kiwanda. Wafanyakazi hawakutosha. Wakaja Waitalia, wakaja Wapolandi, Waalgeria, Wareno, na mwisho wa foleni yote hiyo ikaja familia moja kutoka Likasi. Wakati huo hawakutengeneza tena majiko. Walitengeneza mifuniko ya chemba, ile ya duara na ile ya mraba, inayofunika mashimo ya maji machafu barabarani. Honi ya kiwanda ililia mara tatu kwa siku, na wanawake walibandika viazi jikoni kwa kuisikiliza hiyo honi, si kwa kutazama saa.

Chancelle mwenyewe aliingia kiwandani alipofika miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuning'iniza mifuniko kwenye mnyororo na kuizamisha katika rangi nyeusi. Alifanya miaka mitano. Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa. Wenyewe walikuwa wameshakiuza kwa wengine, na wale wakakiuza kwa wengine, mpaka kikawa mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuuona ule mto. Chuma kilikwenda kusubiwa nchi nyingine kwa bei ndogo. Siku ya mwisho baba na binti walitoka langoni pamoja, wakatembea kwa miguu mpaka nyumbani, dakika ishirini.

Vijana waliondoka, na yeye akaondoka nao. Alikuja London kwa sababu rafiki yake alikuwa na kitanda cha ziada Kilburn. Alisafisha ofisi, akapata kazi hospitalini, akaolewa, akamzaa binti, Plamedi, akaachwa. Mama Ngalula akafariki, akazikwa juu ya mlima kule Ermoncourt. Mzee Badibanga akabaki peke yake katika nyumba ya safu.

Hapa London, mtu akimuuliza Chancelle kwao ni wapi, hujibu Kongo, kwa kuwa ni rahisi. Mara moja tu alijisahau, kanisani kwao, akasema ukweli. Mama mmoja akamwambia mbele za watu kwamba gogo likae majini miaka mia, haliwi mamba. Wote wakacheka. "Nikacheka nami," Chancelle aliniambia. "Lakini ningewajibu nini? Likasi walitutoa kwa mawe. Kasai sijaiona. Mahali pekee duniani ambapo mtu alinifungulia mlango akasema karibu, ni pale. Sasa nikipatamani, nimekuwa nini? Nimejikataa?"

Ndipo nilipoona aibu. Tangu siku hiyo sikumcheka tena, ila Kiswahili chake tu.

Januari mwaka jana Mzee Badibanga aliteleza juu ya barafu mlangoni pake, akavunjika mkono wa kushoto. Alilala chini kwa muda wa karibu saa mbili kabla mleta barua hajamwona. Mtaa una nyumba thelathini, zenye watu ni sita. Chancelle alichukua likizo ya dharura, akaenda, na akarudi naye London, mkono ukiwa ndani ya plasta. Plamedi, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, alimpisha babu chumba chake, akahamia kwa mama yake, akanuna siku nne.

Nilikwenda kumjulia hali. Nyumba yao iko juu ya duka la simu, ghorofa ya pili, na mabasi hupita chini mchana kutwa. Mzee alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania, mwenye kifua kipana na makovu madogo ya moto yaliyotapakaa mikononi kama punje za mtama. Aliponiamkua kwa Kiswahili na mimi nikamjibu "Shikamoo, baba", aliinuka kabisa kitini. Kwao hawana shikamoo, lakini aliipenda. Kila nilipokwenda baada ya hapo aliingojea.

Tatizo lake lilikuwa kutembea. Kila asubuhi alivaa koti na kutoka, akatembea polepole kwenye barabara za Kilburn, kichwa chini. Jirani alimwuliza Chancelle kama mzee ameangusha pesa. Chancelle alifikiri ni huzuni. Alimpeleka kwa daktari, daktari akamwuliza mzee kama analala vizuri, mzee akasema analala vizuri sana, na kesho yake akatoka tena, kichwa chini.

Wakati huo Plamedi alipewa kazi ya shule. Mwalimu wa jiografia alitaka kila mwanafunzi achague mji mmoja mdogo aeleze ardhi yake, historia yake na uchumi wake. Chancelle akasema si mji wa babu huu hapa? Plamedi akajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuusikia. Watoto waliozaliwa hapa ndivyo walivyo, unamsemesha Kiswahili, anakuelewa, jibu linarudi kwa Kiingereza. Mzee hakuelewa maneno, lakini sauti aliielewa. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na pakiti ya unga wa mahindi chini ya kwapa na sinia ya bati.

Chancelle aliniambia kwamba alitaka kumzuia, unga wote ule, kisha akamwacha. Mzee aliumwaga unga kwenye sinia, akaunyunyizia maji kidogo, na kwa mkono mmoja akaanza kuufinya. Mlima ukainuka. Kidole kikapita, mto ukazunguka pande tatu. Akaweka daraja la njiti ya kiberiti. Alifanya kama alivyofanya kazi yake miaka yote, bila kuharakisha, akilainisha kingo kwa ukucha wa dole gumba. Plamedi alisogeza kiti. Baadaye akaleta simu kupiga picha. Baadaye tena akauliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kwa Kiswahili, kibovu lakini Kiswahili:

"Na sasa, Babu, kiwanda likaenda wapi?"

"Kiwanda hakikwenda," mzee akamjibu. "Kipo. Ni kazi iliyokwenda."

Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili cha kwetu ili yaeleweke. Plamedi aliandika kurasa tisa. Mwalimu alimsifu sana, ila pembeni mwa habari za mbwa aliweka alama kubwa ya kuuliza kwa wino mwekundu, na mzee alipoelezwa maana yake alikasirika mpaka jioni.

Mwisho wa Februari, siku yangu ya mapumziko, Chancelle alinipigia saa tisa mchana. Sauti yake haikuwa yake. Baba alitoka asubuhi, hajarudi, simu ameiacha mezani. Tulikuwa bado tunabishana kama ni mapema mno kuita polisi aliposema kuna namba nyingine inaingia. Baada ya dakika mbili akanipigia tena. Mama mmoja wa Queensbury, vituo vingi vya treni kutoka Kilburn, amemwokota barabarani, amekuta namba kwenye karatasi ndani ya koti lake, yuko naye nyumbani. Mimi naishi Harrow, nilikuwa karibu zaidi. Nilipanda basi.

Nyumba ilikuwa mojawapo ya zile za mbili mbili zilizoshikana ukuta, na mlangoni mlikuwa na taji la maua ya plastiki. Aliyenifungulia alikuwa bibi mfupi wa Kihindi, amevaa sari na sweta ya kiume. Jina lake Kokila. Kabla sijamaliza salamu za Kiingereza alinikatiza kwa Kiswahili safi cha Kisumu, alikozaliwa.

"Ingia, ingia, baridi. Baba yako yuko hapa, anakula. Nilimwona dirishani amepiga magoti kwenye njia, nikasema huyu ameshikwa na moyo. Nikatoka mbio. Namsemesha Kiingereza, hakuna. Kihindi, hakuna. Anasema maneno yake mwenyewe, mara nasikia 'chuma'. Nikasema, eh! Chuma? Huyu ni mtu wetu!"

Mzee Badibanga alikuwa sebuleni, shali ya kike mabegani, chai ya tangawizi mbele yake na sahani ya chevdo, vile vitafunio vya Kihindi vyenye pilipili, karibu imalizike. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepoteza mali njiani akaikuta salama. Hakutaka kunieleza chochote. Alisema tumngoje binti yake.

Chancelle alifika akihema, ametoka kwenye treni anakimbia. Alianza kumgombeza tangu mlangoni: weye baba, unataka kuniua, mkono wenyewe haujapona! Mzee akamwachia amalize. Kisha akainuka, akamrudishia Bi Kokila shali yake kwa mikono miwili kwa jinsi plasta ilivyomruhusu, akatoka nje. Tukamfuata sote, na Bi Kokila nyuma yetu na slipa zake.

Mbele ya nyumba ya tatu kutoka pale, kwenye njia ya waendao kwa miguu, kulikuwa na mfuniko wa chemba. Wa kawaida kabisa. Nimeikanyaga elfu kama ule bila kuiona. Mzee alikuwa ameusugua kwa leso yake, leso bado iko pale, imekuwa nyeusi. Ukingoni mlikuwa na herufi zilizoinuka: ERMONCOURT, na mwaka, 2005. Na kwenye pembe moja, nyota ndogo.

"Oda ya London," mzee alisema. "Unakumbuka? Masanduku yote yaliandikwa Londres. Nilipofika hapa nikajua iko mahali fulani. Kilburn hakuna hata mmoja, nimeangalia barabara zote. Nikaanza kupanda treni. Nashuka kituo kimoja, natafuta, narudi. Kesho kituo kingine. Leo njo nimeipata."

"Na hii nyota?" nikauliza.

"Kila kikundi kilikuwa na alama yake. Nyota ni sisi. Mimi, Mwalgeria mmoja na Wareno wawili. Wote wameshakufa, nimebaki mimi."

Chancelle alikuwa ameshachuchumaa. Aliweka kiganja juu ya chuma. Rangi nyeusi ilikuwa imekwisha zamani, imelambwa na viatu na mvua, lakini alikipitisha kiganja polepole kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa.

"Mimi ndiye niliyeipaka rangi, baba."

"Labda. Au yule msichana wa zamu ya pili."

"Ni mimi."

Watu walitupita na mifuko ya dukani, wakitukwepa. Kisha Chancelle, bila kuinuka, akasema alichokuwa amekipanga kwa wiki nyingi. Kwamba ameuliza karatasi za ukaazi. Kwamba Plamedi amemzoea. Kwamba kule hakuna mtu, duka halipo, barafu itakuja tena. "Baki nasi, baba. Unaona, hata hapa kuna kwetu kidogo."

Mzee aliinama, akaiokota leso yake.

"Mwanangu, mimi nilifukuzwa mji mara moja. Walinitoa usiku nimevaa kiatu kimoja. Nikaapa sitatoka tena mji kwa sababu ya mtu. Huu wa pili haukunifukuza. Wenyewe ndio ulioondoka: kazi ikaondoka, watu wakaondoka, mama yako akaondoka. Mimi nimebaki. Lazima abaki mtu wa kujua pale palikuwa nini."

"Na mimi je?"

Mzee alimpa mkono mzima akamwinua.

Bi Kokila, ambaye hakuna aliyemweleza lolote, alikuwa akifuta macho kwa ncha ya sari. Alisema kwao Kisumu walikuwa na duka karibu na kituo, na kwamba wao nao waliondoka siku moja. Alitufungia chevdo kwenye mfuko tuondoke nao.

Mwezi wa Aprili, plasta ilipotolewa na daktari akaridhika, Chancelle alimrudisha baba yake. Alikaa kule siku tano. Siku ya pili tangu arudi kazini, tukifunga trei za upasuaji wa macho, alianza kunieleza mwenyewe. Dohani waliliangusha zamani, hilo alilijua, lakini bado kila akitoka mlangoni jicho linalitafuta. Kilima cheusi kimeotesha miti. Mkate unatoka kwenye mashine, pale kilipokuwa kituo cha treni, unatia kadi unapewa mkate. Kiangazi hupita watu wa baiskeli kando ya mto, wanapiga picha daraja, wanaondoka. Mwajiri mkubwa wa Ermoncourt sasa ni nyumba ya kutunzia wazee.

"Wanatafuta mtu," alisema. "Tangazo liko langoni."

Niliacha nilichokuwa nikikifanya.

"Niliingia nikauliza. Yule mama msimamizi nilisoma naye. Alinikumbatia. Akasema Chancelle, njoo hata kesho."

Nakala ya lile tangazo aliibeba kwenye mkoba wake kwa wiki sita. Niliiona, imekunjwa mara nne, kingo zimeanza kuchanika. Mwishowe alimweleza Plamedi. Mtoto hakupiga kelele. Alimjibu kwa Kiingereza, kwa utulivu, kwamba shule yake iko hapa, marafiki zake wako hapa, na kama mama anataka kwenda yeye ataomba kukaa kwa baba yake Birmingham. Chancelle aliniambia kwamba jibu lile halikumuudhi. Lilimkumbusha kituo cha treni. Mtoto wa miaka kumi amekaa juu ya bunda la nguo, anaambiwa kwenu si hapa tena.

"Siwezi kumfanyia mtoto jambo hilo, dada Jedidah. Hata kwa mapenzi. Hata nikimpeleka mahali pazuri kuliko pote ninapopajua."

Alimpigia yule msimamizi simu akiwa koridoni, mimi nikimshikia kazi. Nilikisikia Kifaransa chake, cha haraka na chepesi, sauti ya mtu mwingine kabisa ambaye sikumfahamu. Msimamizi alimwambia nafasi itamngoja mpaka mwisho wa kiangazi. Chancelle akasema hapana, mpe mtu.

Ajabu ni kwamba Juni ile Plamedi mwenyewe aliomba kwenda. Si kuhamia, wiki tatu tu za likizo. Alisema anataka kwenda kuthibitisha habari ya mbwa, apate picha ya lile gurudumu, amwonyeshe mwalimu. Chancelle hakupata ruhusa ya kazi, tulikuwa pungufu ya watu. Akajaza fomu za mtoto kusafiri peke yake, jirani mmoja wa mzee, Mreno, akakubali kwenda kumpokea Lille kwa gari, na Jumamosi moja asubuhi akamsindikiza hadi stesheni ya St Pancras. Kutoka pale alikuja kazini moja kwa moja.

"Ameenda?" nikamwuliza.

"Ameenda. Hakugeuka hata mara moja." Alikuwa anavaa glavu, akakosea vidole, akaanza upya. "Nilimwonea wivu. Mtoto wangu mwenyewe. Nilisimama pale kwenye geti mpaka saa ya treni yake ikapita."

Nyumba ya mzee haina mtandao. Simu inashika darajani tu, katikati, juu ya maji. Kwa hiyo kwa wiki zile tatu, kila saa kumi na mbili jioni, Plamedi alitembea mpaka darajani kumpigia mama yake, na tulipokuwa zamu ya mchana Chancelle alipanda ngazi mpaka uwanja wa nyuma wa hospitali, penye mapipa ya taka, ili apate kumsikia vizuri. Siku mbili nilipanda naye kupunga hewa. Binti alikuwa analalamika kwa mchanganyiko wa lugha zake zote: Babu anakoroma, Babu anapika viazi kila siku, hakuna la kufanya hapa, mama, hakuna hata mtu mmoja wa umri wangu. Nyuma ya sauti yake mto ulisikika, mzito, ukipita chini ya daraja.

Chancelle hakumkatiza. Alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, simu ameibana sikioni, na kila mtoto alipoelekea kuaga alimtafutia swali jingine: Babu amevaa sweta gani, leo mmekula nini, kaburini kwa Bibi, juu ya mlima, mmeshakwenda. Mpaka mimi nikamgusa bega, mapumziko yetu yamekwisha, tukateremka.